Pa Kuandika na Pa Kuacha

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Mombasa huingia Kaunti ya Makueni karibu na Salama, na kuanzia hapo miji ya barabarani humpokezana: Sultan Hamud, Emali, Kiboko, Makindu, Kibwezi, Kambu, mpaka Mtito Andei, nusu ya safari. Kati ya mji na mji ni vichaka, mibuyu, mbuzi na joto. Mji ukifika, kuta zinaanza kusema. Ukuta wa kijani unauza huduma za simu na pesa. Mwekundu unauza za mshindani wake. Agroveti limechorwa ng'ombe aliyeshiba kuliko ng'ombe yeyote utakayemwona eneo hilo mwezi wa Septemba. Saruji, mabati, unga wa mahindi, soda, sabuni, hata rangi yenyewe: kila bidhaa imepata ukuta wake.

Wengi wetu huzipita kuta hizo bila kukumbuka kwamba kila moja ilichaguliwa na mtu, na kwamba kabla ya herufi ya kwanza kuandikwa mtu huyo aliamua ikae hapa na isikae pale. Makala haya ni ya kumsifu mtu huyo. Mkono wake ni mzuri, lakini ninachokistahi zaidi ni jicho lake, linalojua mpita njia atatazama wapi kabla mpita njia mwenyewe hajajua.

Huitwa fundi wa maandishi, au msanii, au fundi wa rangi tu, kutegemea anayemwita amepanga kumlipa kiasi gani. Vifaa vyake hutoshea katika mfuko mmoja: brashi bapa za upana mbalimbali, rola, penseli ya seremala, tepu ya karatasi, futi, uzi wa kupaka chaki, na tapentaini ndani ya chupa ya soda. Wengi walijifunza kwa kumfuata fundi mwingine. Mwanafunzi huanza kwa kukwangua ukuta na kuosha brashi. Baadaye huruhusiwa kujaza rangi ndani ya herufi ambazo mwalimu ameshazichora kingo. Kuchora kingo huja mwisho, maana hapo ndipo mkono usiotulia hujulikana. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, kila matatu ikatakiwa kuwa na mkanda wa manjano ubavuni na maandishi ya njia yake. Mstari mnyoofu ukageuka kuwa suala la sheria, na mwenye uwezo wa kuupiga akawa na kazi.

Lakini katika kazi za kampuni kubwa, fundi hana uhuru wa herufi. Anapewa mchoro: umbo la nembo, namba ya rangi iliyo kwenye tina, uwiano wa herufi moja na nyingine. Akirefusha mkia wa herufi kwa sababu unapendeza, msimamizi atakayekuja kupiga picha ya kazi atamrudisha ngazini. Kilichobaki mikononi mwa fundi ni swali moja: juu ya ukuta huu, wapi? Swali hilo kampuni iliyoko Nairobi haiwezi kumjibia, kwa sababu haijui mbuzi wa hapo hulala wapi.

Kazi huanza kwa kuvuka barabara. Niliwahi kumtazama fundi mmoja pale Emali akikabidhiwa ukuta wa duka. Muda mrefu ulipita bila ya yeye kufungua tina. Alivuka, akasimama ng'ambo, akautazama. Kisha akatembea kuelekea upande wa Nairobi mpaka mwenye duka akadhani ameghairi. Akarudi polepole, akichuchumaa kila baada ya hatua kadhaa na kuinua uso. Mama mwenye duka akamuuliza, "Fundi, umepoteza kitu?" Naye akajibu, "Hapana, mama. Nilikuwa nakuja dukani kwako kwa gari dogo." Kuchuchumaa kule kulikuwa ni kimo cha macho ya abiria. Aliposimama wima karibu na steji, alikuwa amepanda matatu.

Ukimuuliza anahesabu nini, hatakupa hesabu ya darasani, lakini hesabu ipo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi inayoruhusiwa mijini, hupita mita 14 hivi kila sekunde. Ukuta unaoanza kusomeka kutoka mita 70 una sekunde tano za kusema neno lake. Kwa kilomita 80, kasi ya juu ya matatu na malori, sekunde hizo hubaki tatu na kidogo. Kuna kanuni ya zamani ya mabango kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomwa bila taabu kutoka mita 3 hivi. Jicho zima laweza kuinasa kutoka mbali zaidi, lakini kwa kujikaza, na msafiri hana sababu ya kujikazia tangazo la mtu. Kwa hiyo anayetaka kusomwa kwa raha kutoka mita 60 anahitaji herufi ya nusu mita. Wenye mabango duniani wana kanuni nyingine: maneno yasizidi saba. Fundi wa Emali huyashusha mpaka matatu, kisha hulifikiria tena la tatu.

Sasa tazama kilichotokea barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui ilipowekwa lami. Zamani ilikuwa njia ya vumbi na mashimo. Lori lilijikokota, abiria wakawa na dakika nzima ya kusoma ukuta wa duka, pamoja na namba ya simu na orodha ya bidhaa. Lami ikaja na kasi ikapanda. Ukuta ulioandikwa kwa ajili ya lori la vumbi ukawa ukurasa unaofunuliwa haraka mno. Orodha ile ile iliyokuwa msaada ikawa ukungu, nayo haikuwa imebadilika hata nukta. Aliyebadilika ni msomaji wake. Fundi aliyeitwa kupaka upya barabara hiyo alilazimika kukuza herufi na kupunguza maneno, hata pale mwenye duka alipolalamika kwamba anaibiwa maandishi.

Baada ya mbali na karibu huja ubavu na uso. Mgeni wa kazi hii hudhani pahali bora ni uso wa duka, upande wa mlango, kwa sababu ndio unaoielekea barabara. Ni kosa. Uso wa duka umelala sambamba na njia. Msafiri huuona kwa kitambo, tena kwa kugeuza shingo. Ubavu wa jengo ndio unaomkabili uso kwa uso tangu mbali. Ndiyo maana jengo la kwanza la mji lina thamani, na la mwisho vilevile kwa wanaotoka upande wa pili. Jengo lililo kwenye kona, ambalo barabara inalielekea kabla ya kupinda, lina thamani kuyashinda yote, kwa kuwa dereva hawezi kuliepuka bila kuiacha barabara. Na katika mji wenye vilima kama Kitui, ukuta ulio kwenye mpando unaweza kubeba neno moja au mawili zaidi kuliko ulio kwenye mteremko, maana lori lenye shehena hupanda taratibu. Matuta ya barabarani nayo huongeza sekunde. Fundi hupenda kuuliza vijana wa bodaboda magari hupunguza mwendo wapi, kwa sababu wao hukaa wakiyatazama mchana kutwa.

Kwa hiyo kazi hugawanywa. Ubavu hupewa jina na rangi, vitu vya kusomwa kwa mwendo. Uso hupewa mambo ya mtu aliyekwisha kusimama: huduma zinazotolewa, saa za kufungua, namba ya wakala. Na karibu na dirisha la kulipia, pale mteja anapotoa simu mfukoni, ndipo huwekwa namba ya kulipia, kwa herufi ndogo zilizo wazi. Ukiiandika namba hiyo ubavuni kwa herufi za nusu mita, umepoteza rangi. Ukiliandika jina la kampuni dirishani, unamwambia mtu jambo alilokwisha kulijua.

Ukuta wenyewe nao una tabaka zake kutoka chini kwenda juu. Sehemu ya chini ni ya dunia. Mvua ya Ukambani ni chache, lakini ikinyesha hupiga udongo mwekundu na kuurusha ukutani. Mbuzi hujisugua, gunia la makaa huegemezwa, kijana hukunja mguu mmoja na kukanyaga ukuta huku akisubiri abiria. Hapo fundi hupaka mkanda wa rangi nzito, kahawia au nyeusi, wala haandiki kitu. Juu ya mkanda huo kuna sehemu ya migongo: watu huketi kwenye benchi la baraza na kuegemea, na tangazo lililowekwa hapo huwa limefunikwa na watu wale wale lililokusudiwa. Juu kabisa, mabati ya baraza hutupa kivuli kinachokata herufi katikati wakati wa adhuhuri. Kati ya mabega ya aliyeketi na kivuli cha mabati pana ukanda, mara nyingi mwembamba kuliko unavyodhania, na huo ndio ukurasa wa fundi. Mengine yote ni pambizo.

Kisha kuna jua. Barabara ya Mombasa huelekea kusini-mashariki. Asubuhi anayekwenda Mombasa ana jua machoni, na kila ukuta unaomkabili umo kivulini. Jioni jua liko nyuma yake, na ukuta ule ule unawaka. Anayetoka Mombasa ni kinyume chake. Fundi anayejua hayo atataka tangazo la kifungua kinywa likae ubavu unaotazama Mombasa, na la chakula cha jioni au la malazi likae ubavu unaotazama Nairobi. Rangi nazo zina majira yao. Kijani hujitokeza sana mwezi wa Septemba, nchi ikiwa imekauka na kuwa kahawia kuanzia ardhini hadi vichakani. Mvua za Novemba zikishaleta majani, ukuta huo huo hupungua sauti. Nyekundu iliyokolea hupauka mapema kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, basi hapo fundi ataongeza mkono wa pili wa rangi bila kuambiwa. Na mbele ya duka kukiwa na mche wa mwarubaini au mukau, huuliza nani aliupanda na lini. Mti unaopendwa hautakatwa kwa ajili ya tangazo, na baada ya miaka mitatu utakuwa umelifunika.

Kuna pahali pengine ambapo hesabu za mwendo hazina kazi: pahali pa kusubiri. Hapa ndipo ninapomwona fundi katika ubora wake. Kwenye mashine ya posho, mtu husubiri zamu akiwa na debe la mahindi, macho hayana la kufanya. Kwenye kioski cha maji, katika maeneo ya Kitui ambako foleni ya mitungi huanza alfajiri, kusubiri ni sehemu ya siku. Pale Mtito Andei mabasi ya Mombasa husimama, mengi yao usiku, abiria wakashuka kula na kujisaidia. Giza huzima kuta zote za barabara, ila zile zilizo chini ya taa. Ukuta ulio kando ya njia ya kwenda msalani, wenye taa juu yake, husomwa na basi zima, kwenda na kurudi. Hapo maneno saba ni machache. Unaweza kueleza jinsi ya kutuma pesa, hatua kwa hatua, na mtu atasoma mpaka mwisho kwa sababu bado anamsubiri mwenzake.

Bingwa wa kuchagua pahali, hata hivyo, huenda asiwe fundi bali mwenye duka mwenyewe. Karibu kila duka la mjini na mashambani lina kijikaratasi kinachosema kwamba mkopo ni kesho. Kitazame kimebandikwa wapi. Hakiko mlangoni, kisije kikamfukuza mwenye pesa. Hakiko juu kwenye rafu, ambako macho hutafuta bidhaa. Kiko nyuma ya kaunta, kwenye kimo cha uso wa mwenye duka, upande ambao mtu hutazama pembeni kidogo anapojiandaa kuomba deni. Kinasomwa kabla mdomo haujafunguka, na urafiki unabaki salama. Hakuna kampuni ya matangazo iliyomfundisha mwenye duka huyo. Alijua msomaji wake ni nani, anakuja na jambo gani moyoni, na macho yake yatatua wapi.

Ugumu mkubwa wa fundi ni mteja. Anayelipia ukuta hutaka ukuta wote. Anaona ukanda mtupu na kufikiri ni hasara. Anataka pale juu paandikwe simu, pale chini paandikwe karibuni, na katikati picha ya mteja anayecheka. Fundi hodari habishani. Huchukua chaki, akaandika yote anayotaka mteja, kisha akamwomba wavuke pamoja. Ng'ambo ya barabara mteja hujisomea mwenyewe kwamba hakuna kinachosomeka. Chaki hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na mazungumzo huanza upya kwa adabu zaidi. Nafasi tupu inayozunguka jina ndiyo inayolisukuma jina mbele, na kulinda utupu huo dhidi ya mtu anayeulipia ni ustadi usioonekana kwenye picha ya msimamizi.

Vilevile kuta zina kumbukumbu. Ukikwangua ukuta wa duka la zamani utakutana na historia ya biashara ya nchi. Mtandao mmoja wa simu ulianza kama Kencell mwaka 2000, ukawa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, na kila jina lilipobadilika mafundi walipanda ngazi tena. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mawakala wakahitaji kujulikana kutoka mbali, na kijani kikaenea hadi vituo vidogo vya ndani. Mwaka huo huo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa, na matangazo ya sigara yaliyokuwa yamezoeleka kwenye kuta yakaanza kufunikwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti udhibiti wa matangazo ya nje, basi leo katika miji ya Wote na Kitui ukuta wenye nembo huwa na ada yake. Na ukuta uliosogea kwenye hifadhi ya barabara huweza kupigwa alama ya X nyekundu na mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Ni herufi moja tu, haina nembo, lakini haijapata kutokea mwenye jengo asiyeisoma.

Kazi hii ni ya kale kuliko barabara yetu. Kwenye kuta za Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, wachimbaji walikuta matangazo ya uchaguzi na ya michezo yaliyopakwa rangi. Mmoja wa waandishi wake, Aemilius Celer, aliacha maneno kwamba aliandika peke yake, kwa mwanga wa mbalamwezi. Pengine usiku ulimfaa kwa sababu njia ilikuwa tupu na angeweza kurudi nyuma hatua kadhaa akaitazama kazi yake bila kugongwa.

Nimeyapitia haya yote kwa sababu ukuta mpya umejengwa, nao hauna matofali. Tarehe 27 Oktoba 1994, jarida la mtandaoni la HotWired nchini Marekani lilibandika matangazo ya mstatili, likiwamo la kampuni ya simu ya AT&T. Mwaka 2003 Google ilianzisha AdSense, na tangu hapo mwenye ukurasa mdogo wa habari anaweza kukodisha sehemu ya ukurasa wake bila kumjua mtangazaji. Kijana wa Kitui anayeandika habari za bei ya ndengu, za mvua na za mechi za shule naye ana ukuta. Swali lake ni lile lile la fundi: wapi?

Jibu la haraka ni juu kabisa, kwa herufi kubwa, kila mahali. Lakini mwaka 1998 watafiti Jan Panero Benway na David Lane wa Chuo Kikuu cha Rice waligundua kwamba watu wanaotafuta jambo kwenye ukurasa huruka mistatili ya juu hata pale jambo wanalolitafuta limo ndani yake. Macho yamejifunza kwamba eneo hilo ni la mwingine. Ni ule mkanda wa chini wa ukuta, ila umehamia juu: pahali ambapo kuandika ni kupoteza rangi.

Msomaji wa kijana yule anakuja kwa simu, na simu ni ukuta mwembamba wenye safu moja. Amefuata kichwa cha habari. Anataka aya ya kwanza. Mpe. Tangazo linaloingia baada ya aya ya pili au ya tatu humkuta akiwa ameshakaa kwenye habari, akishuka kwa mwendo wake, na hapo mstatili wa pikseli 300 kwa 250 hujaa karibu upana wote wa kioo bila kumfinya. Jingine hukaa vyema katikati ya makala marefu, pale hoja inapogeuka. La tatu lina pahali pazuri kuliko panavyosifiwa: mwisho wa makala. Aliyefika hapo amemaliza shughuli, kidole kimesimama, anajiuliza aende wapi. Ni Mtito Andei ya ukurasa. Tangazo lenye maelezo zaidi laweza kuwekwa hapo, nalo litasomwa.

Pa kuacha napo pana orodha yake. Usiweke tangazo kando ya kitufe cha kupakua au cha kusonga mbele, ambako dole gumba litaligusa kwa bahati mbaya. Mibofyo ya namna hiyo ni marufuku katika masharti ya AdSense, na hata isingekuwa marufuku, haiuzi kitu. Litengee tangazo nafasi yake tangu ukurasa unapofunguka, ili lisifike likiwa limechelewa na kuyasukuma maandishi chini wakati mtu anasoma. Tangu 2020 Google ina kipimo maalumu cha mruko huo. Habari itangulie kupakiwa kabla ya tangazo, maana msomaji wa Ikutha mwenye mtandao hafifu na bando la kuhesabu hatalisubiri. Muungano wa Coalition for Better Ads, ulioundwa mwaka 2016, ulihoji watumiaji na kuorodhesha yanayowaudhi: tangazo linalofunika ukurasa mzima, video inayojipigia sauti, matangazo yanayozidi asilimia 30 ya kimo cha habari kwenye simu. Tangu Februari 2018 kivinjari cha Chrome huyazuia matangazo kwenye kurasa zinazoendelea kukaidi. Kivinjari hicho ndicho mbuzi wa ukuta huu mpya.

Viwango vya biashara hiyo husema tangazo limeonekana ikiwa nusu ya pikseli zake zimekaa kwenye kioo kwa sekunde moja. Sekunde moja! Fundi wa Emali alikuwa na tano, na bado alitembea nusu ya mji kabla ya kuchagua. Mwenye ukurasa ana jambo ambalo fundi hakulipata kamwe, yaani hesabu ya kila siku ya nani ameona na nani amebofya, na hesabu hiyo ina mtego wake. Ukiongeza tangazo la nne leo, mapato ya leo hupanda kidogo na jedwali hukupongeza. Msomaji aliyeudhika haandiki popote kwamba hatarudi. Ukurasa wenye matangazo ni kama meza ambayo msomaji amealikwa kula: mgeni wa pili, yaani tangazo, anaweza kukaribishwa, lakini akianza kumsogeza wa kwanza, kesho wa kwanza haji.

Fundi hana jedwali la kumpongeza, na naamini ukosefu huo ndio uliomfundisha. Hajui ni watu wangapi walinunua saruji kwa ajili ya ukuta wake. Anachojua ni kama mama mwenye duka bado anaupenda ukuta huo baada ya mwaka, kama wateja bado wanaona mlango, kama kampuni imeuliza jina la aliyeuchora. Basi alilazimika kuwatumikia wote watatu kwa pamoja: anayelipa, mwenye ukuta na anayepita. Ikawa faida ya mmoja haipatikani kwa kumchokoza mwingine, na ujuzi wote wa mita, jua na migongo ukajengwa juu ya sharti hilo.

Siku hizi mabango ya plastiki yaliyochapishwa Nairobi yanafika kwa basi asubuhi na kutundikwa kabla ya chakula cha mchana. Ni rahisi, na herufi zake hazina kosa. Jua la Makueni huyapasua, upepo huyang'oa, na mengi huishia kufunika maembe sokoni, ambako walau yana kazi. Lakini hata bango hilo lazima mtu aamue litundikwe wapi, na kijana anayelishikilia akiwa juu ya ngazi mara nyingi husikika akipiga kelele kuuliza walioko chini: hapa, au nishushe? Ukipita ukamsikia, simama umjibu vizuri. Mwenye swali hilo ameshaanza kazi, na rangi ikipauka, ndiye ambaye mwenye duka atamtafuta tena.